Shangazi Hajagusa

Mtu asikudanganye kuwa madereva wa malori ni watu wa unyenyekevu. Wanajisifu kuliko wanavyokula. Na kati ya wote walioegesha katika yadi ile yenye geti la bati lililopinda, hakuna aliyejisifu kama Shangazi. Ubaya ni kwamba alikuwa na haki, kwa hiyo hata kumnyamazisha usingeweza.

Jina alilipata hivi. Mpwa wake, mtoto wa kaka yake fundi cherehani, aliajiriwa palepale baada ya yeye kumfundisha kuendesha. Siku ya kwanza kijana akaita kwa sauti katikati ya yadi, "Shangazi, shikamoo!" Basi, ikawa imekwisha. Kuanzia hapo yadi nzima wakawa wapwa zake, mpaka mlinzi aliyemzidi umri.

Kwenye mlango wa lori lake alikuwa ameandika neno moja kwa rangi nyekundu, kwa mkono wake mwenyewe: HAJAGUSA. Maana yake, tangu ashike usukani hajagusa ukuta, hajagusa nguzo, hajagusa hata kuku. "Wenzangu mnaandika mambo ya mapenzi," alikuwa akiwaambia. "Mimi naandika habari za kweli." Na kila alipoosha lori, neno lile alilisugua kwa kitambaa chake peke yake, taratibu, kama mtu anayemnawisha mtoto uso.

Siku trela jipya lilipoletwa, kazi ilisimama. Lilikuwa refu mpaka mlinzi akashindwa kufunga geti, ikabidi mkia ubaki nje barabarani ukiwa umefungwa kitambaa chekundu. Wapita njia waliuzunguka huku wakitukana. Meneja alisimama juu ya ngazi ya ofisi akitabasamu kama bwana harusi. Akasema kibali cha kulitembeza mjini bado hakijatoka, lakini Jumapili wakubwa wa barabara watakuja kuangalia likijaribiwa. Likipita salama, watatoa ruhusa.

Mchana ule, kwenye banda la kubadilishia matairi, moto wa maneno uliwaka. Kulikuwa na dereva mmoja waliyemwita Mhasibu, kwa sababu hata chai alikuwa akiipigia hesabu. Yeye alilipenda trela.

"Safari moja badala ya mbili," akasema. "Mafuta yanapungua, matairi yanapungua, na mimi nalala kwangu na mke wangu kama binadamu. Mnapinga nini?"

"Na madereva wanapungua," akadakia wa lori la saruji. "Hiyo hukuiona kwenye hesabu zako?"

"Na yule wa gari dogo anayenipita mlimani?" akauliza mwingine. "Anadhani amenimaliza, kumbe bado ana trela zima la kupita, na mbele yake linakuja basi. Atakwenda wapi? Atajibana kwangu."

"Mimi nasema litembee barabara kuu tu!"

"Mzigo unashushwa barabara kuu? Si unashushwa mjini?"

Shangazi alikuwa amekaa juu ya tairi, anakula karanga. Alisubiri wachoke, maana hakupenda kusema watu wengine wakisema.

"Shida ni kona," akasema. "Kichwa kinapita huku, mkia unakata kwake. Trela halikufuati, linakukatia njia. Fupi hili tu linanipa kazi pale kwenye kona ya zahanati. Hilo refu litapanda mpaka wanaposimama kina mama na watoto wao mgongoni."

Wote wakakubali, hata Mhasibu akakuna kichwa. Na hapo ndipo ungetarajia mambo yaishie. Lakini jioni meneja alimwita ofisini, akamvisha kilemba cha ukoka. Oh, Shangazi, hakuna kama wewe. Oh, Shangazi, wakubwa wenyewe wamekusikia. Oh, kama si wewe basi heri tulirudishe trela lilikotoka. Mama wa watu akatoka pale kichwa kimevimba hata mlango haukumtosha.

"Umekubali kuliendesha Jumapili?" wenzake wakamuuliza. "Wewe mwenyewe uliyesema litaua watu?"

"Nikikataa watasema nimeogopa."

"Na waseme!"

"Niseme nini, kwamba nimeshindwa kona? Mimi?" Akaufunga mlango wa lori lake kwa kishindo. Hasira ile ilikuwa ya mtu anayejua amekosea na hataki kuambiwa.

Jumapili zahanati ilikuwa imefungwa na barabara tupu. Walichagua siku kama hiyo makusudi, hilo nalo uliangalie. Wakubwa wa barabara walikuja na kofia zao za plastiki. Polisi mmoja akazuia magari ya upande wa pili. Meneja aliletewa kiti cheupe cha plastiki, akakaa ukingoni, palepale kwenye kona, wanaposimama kina mama siku za kazi. Pembeni ya kiti alisimama mpwa, simu mkononi, ampige shangazi yake picha. Madereva wengine walikaa ng'ambo kwenye ngazi za duka, mikono kifuani, wamenuna.

Shangazi akaja. Jamani, lazima tumpe haki yake. Alilivuta lile dude mpaka upande wa pili kabisa wa barabara, kule ambako siku nyingine kungekuwa na basi, pikipiki na mkokoteni wa maji. Akasubiri mpaka moyo wako wewe uliyekuwa ukitazama ukakatika, ndipo akakata. Kichwa kikazunguka, trela likapinda nyuma yake polepole, na magurudumu ya mwisho yakapita kando ya ukingo bila hata kuupaka vumbi. Wakubwa wakapiga makofi. Mpwa akapiga kelele za shangwe. Hata ng'ambo kuna aliyesahau kununa.

Naye kule juu alicheka peke yake. Alikuwa na furaha, tusimsingizie.

"Mmeona?" meneja akawaambia wageni. "Mama wa makamo amepita kama anasukuma kigari cha mtoto. Sasa mwanamume kijana atashindwa nini?" Akamgeukia mpwa, akampiga begani. "Wewe, Jumatatu ijayo hili ni lako."

"Langu, bosi?"

"Lako. Si umefundishwa na huyu?"

Dirisha la lori lilikuwa wazi. Shangazi akasikia kila neno, na kicheko kikamfia mdomoni. Alimwona mpwa wake akirukaruka kama aliyeshinda bahati nasibu, kijana ambaye kurudi nyuma na trela fupi tu bado alikuwa akitoa ulimi nje. Akamkumbuka kaka yake mlangoni pa kibanda chake cha cherehani, siku aliyomkabidhi: "Dada, nakupa mzima. Unirudishie mzima." Akaiona kona ileile Jumatatu, basi linakuja upande wa pili, hakuna polisi wa kulizuia, kina mama wamejaa ukingoni. Atakayekanyagwa ni mtoto wa mtu. Atakayefungwa ni mtoto wa kaka yake. Na ruhusa ya yote hayo ameitoa yeye sasa hivi, kwa makofi.

"Shangazi!" meneja akaita. "Mpiga picha wa ofisi hakuiwahi. Zunguka, urudie!"

Akazunguka. Barabara ya kuzunguka ilikuwa fupi, lakini ilimtosha kulia kidogo na kujitukana sana. Mjinga wewe, alijiambia. Mjinga mwenye rangi nyekundu mlangoni. Kabla ya kufika kona alisimamisha lori, akatoa kichwa nje na kupaza sauti iliyofika ng'ambo.

"Tokeni hapo! Wote! Nenda kasimame kule ukutani, mwanangu, na simu yako!"

"Shangazi, si ulipita vizuri tu?"

"Nimesema toka! Nitashuka nikuchape mbele ya bosi wako!"

Kijana akatoka, kaona haya. Meneja naye akainuka, akicheka, akakiacha kiti chake. Shangazi akaangalia ukingo ukiwa mtupu, akaangalia tena, kisha akaondoa breki.

Safari hii hakwenda upande wa pili. Alibaki upande wake, ndani ya mstari, kama sheria inavyotaka, kama anavyokata dereva yeyote siku barabara imejaa. Kichwa kilipita salama. Kilikuwa kimeshanyooka, kimeshaanza kwenda zake, wakati magurudumu ya nyuma yalipopanda ukingo. Kiti cheupe kililia kama mfupa unaovunjika. Kibao cha zahanati kikainama, kikalala. Trela likashuka tena barabarani na mkwaruzo mrefu ubavuni, na lori likasimama.

Hakuna aliyepiga makofi. Mpiga picha ndiye aliyeiwahi hii.

Meneja alimfikia akihema. "Umefanya nini? Umegusa! Umefanya makusudi!"

Shangazi alikuwa ameshashuka, kidevu kiko juu.

"Ile ya kwanza ndiyo niliyofanya makusudi," akasema. "Hii ndivyo trela linavyokata."

"Unajua bei ya..."

"Sijui, na usiniambie. Weka dereva mwingine yeyote humu, umrudishie na mabasi upande wa pili, uone kitakachotokea. Ukitaka, kaa tena kwenye kiti."

Wakubwa wa barabara waliinama kutazama vipande vya plastiki vilivyosagika. Mmoja akapima kwa kiatu umbali wa alama za tairi kutoka ukingoni, akatikisa kichwa. Hawakusema kama watatoa kibali wala kama watakinyima. Watu wale hawasemi. Meneja alinyoosha mkono akadai funguo, na Shangazi akazitupa kiganjani kwake. Akaenda nyumbani kwa miguu.

Mpwa hakuja kumwona. Siku mbili tatu alipompigia, akakata simu. Habari zilizofika zilisema kijana ana hasira, amesema shangazi amemharibia maisha kwa wivu. Hilo lilimuuma mama yule kuliko kazi aliyoipoteza. Aliosha vyombo safi, akavifuta, akaviosha tena.

Jumatatu ya wiki iliyofuata, asubuhi, alikwenda yadi kuchukua vitu vyake: mto wa kukalia, chupa ya chai, koti la mvua. Akakuta madereva wote wamesimama na trela refu limeshafungwa kwenye kichwa. Kibali hakijatoka, lakini meneja alikuwa ameamua litoke hivyohivyo, eti wakubwa wakiliona limezoeleka watalainika. Alikuwa amemnyooshea mpwa funguo.

Kijana alimwona shangazi yake getini. Akatazama chini.

"Chukua," meneja akasema.

"Sitaki, bosi."

"Unasemaje?"

"Mimi nilikuwa nimesimama pale," kijana akasema. "Pembeni ya kiti. Nimeitazama ile picha ya kiti kilichosagika wiki nzima. Nilikuwa nimesimama palepale." Akaingiza mikono mfukoni.

Meneja akamgeukia wa saruji. Mikono mfukoni. Akamgeukia mwingine, naye vilevile. Mwisho akamfikia Mhasibu, aliyelipenda trela tangu siku ya kwanza, akatabasamu kwa matumaini.

"Bosi," Mhasibu akasema, "nimepiga hesabu tena." Na mikono yake ikaingia mfukoni mpaka kwenye viwiko.

Funguo zilibaki hewani. Unajua mtu mzima anavyoonekana amenyoosha mkono na hakuna wa kuupokea? Hivyo ndivyo alivyokuwa.

Shangazi hakungoja kuona mwisho. Alikwenda kwenye lori lake la zamani, akachukua kisu cha kukatia kamba, akaanza kukwangua rangi nyekundu mlangoni. Mpwa akaja mbio.

"Shangazi, shikamoo. Acha, usilifute. Kila mtu anajua uligusa kwa ajili ya nini."

"Marahaba. Nimegusa, mwanangu. Sisemi uongo kwenye mlango wangu."

"Basi niachie mimi nikusaidie."

"Nililiandika mwenyewe," akasema, na kisu hakikusimama. "Wewe nenda kwa baba yako leo, umsalimie. Mwambie nimekurudisha mzima."