Theresia Alivyopiga Hodi Kwenye Gari

Mimi si mtu wa kusifu watu. Mume wangu alinileta Stockholm, akaniacha kwa mwanamke mwingine, na waliokuwa wakila kwangu wakahamia kula kwake. Lakini Theresia nitamsema vizuri.

Alitoka Bukoba kusomea uuguzi. Lugha ikamshinda, akaishia kupiga deki madukani Hallunda, kitongoji cha Stockholm, pamoja nami. Kiangazi cha mwaka 1975, akiwa bado anasubiri kibali chake cha kuishi kiongezwe, tulitoka kazini mchana wa joto kali tukakuta mbwa amefungiwa ndani ya gari. Ulimi nje, hawezi hata kubweka.

Theresia akafanya kama kwao. Alipiga bati la gari kwa kiganja. "Hodi! Hodi wenyewe!" Akauzunguka uwanja wote wa magari akiita, Kiswahili na Kiswidi chake kibovu. Watu wakacheka.

"We dada, unambishia mbwa hodi?" nikamwambia. "Atakukaribisha chai?"

"Cha mtu hakiguswi kimyakimya," akanijibu.

Mbwa alipoanguka, Theresia aliokota jiwe akavunja kioo. Tukamtoa, tukammwagia maji mpaka akainua kichwa.

"Haya, twende zetu," nikamwambia. "Ukipata kesi, kibali utakisikia kwa wenzio."

"Nimevunja mimi. Namngoja mwenyewe."

Mwenyewe akaja anafoka, akaita polisi. Mimi moyoni nilishamaliza kesi: mgeni amekosa, mwenyeji ana haki.

Polisi alisikiliza, kisha akasema sheria yao haimwadhibu mtu aliyevunja kitu ili kuokoa uhai, mradi hakuwa na njia nyingine. "Ulimtafuta kwanza mwenye gari?"

"Alimtafuta!" nikadakia.

"Wewe ni rafiki yake," akasema.

Hapo bibi mmoja Mswidi, miongoni mwa waliocheka, akajipenyeza mbele. "Huyu? Nilimsikia nikiwa ghorofa ya tatu. Nilidhani ana wazimu! Amemwita kila mtu hapa isipokuwa mfalme."

Wengine wawili wakaitikia. Polisi akamgeukia mwenye gari. "Hakuna kesi. Mpeleke mbwa wako kwa daktari."

Yule bwana hakushukuru, na mimi sijamsamehe.

Kibali kilitoka vuli ya mwaka uleule. Theresia sasa anasoma Kiswidi jioni, ili arudie uuguzi. Ananing'ang'ania twende wote, mimi ambaye hata darasa la kwanza sikumaliza. Nimemwambia anipitie Jumatatu.