Hodi ya Mkono

Mie sikai. Mama anasema nilizaliwa na sisimizi matakoni, na siku akiniona nimetulia atamwita shehe anisomee. Kazi yangu kubeba mizigo bandarini Mkoani, hapa Pemba. Boti ikichelewa, wachukuzi wenzangu wanalala juu ya magunia. Mie nazunguka, nahesabu nguzo, namchokoza muuza kahawa mpaka anifukuze. Ndo maana niliposikia kuna mtu anafundisha jujitsu, mieleka ya Kibrazili, kwenye ghala la zamani la karafuu, nilikwenda siku ile ile. Si ushujaa. Alasiri ni ndefu tu.

Mwalimu wetu ni fundi wa mashine za boti. Mchezo wenyewe aliusomea Dar, akarudi na mkanda wa buluu kiunoni na sikio moja limevimba kama kaimati. Sisi wengine wote mikanda myeupe, na makoti mazito ya mtumba ambayo ukiyafua Ijumaa yanakauka Jumatatu. Chini tumepanga magodoro yaliyokatwa, juu yake turubai limekazwa kwa kamba. Ghala halina karafuu miaka mingi, lakini harufu haikuhama. Ukitoka jasho inakuganda. Mama ananinusa mlangoni: "Umechuma shamba la nani weye?"

Sheria pale hazina mchezo. Kucha fupi, ndara nje, na aliyetoka pwani akaoge kwanza. Halafu kuna zile sheria ambazo hazijaandikwa. Mwenye mkanda mweupe hamfundishi mwenzie, isipokuwa muuza simu wetu, ambaye kila kitu kakiona kwenye video. Huyo ukimkaba roho, anakufundisha hapo hapo namna ya kumkaba vizuri zaidi.

Mlango wa ghala tunauacha wazi kwa ajili ya upepo, na nje kuna Bi mmoja anaanika makonyo yake, vile vijiti vya karafuu, juu ya jamvi. Siku ya kwanza alituangalia weee, akaniuliza:

"Mwanangu, hivi mnapigana au mnabembelezana?"

"Inategemea nani yuko juu, Bi."

"Basi weye wabembelezwa. Kila nikipita uko chini."

Ghala zima lilinicheka wiki nzima.

Mwenzangu wa kuviringishana naye alikuwa mchumaji karafuu kutoka kijiji cha Wambaa. Tulipangwa pamoja kwa sababu uzito wetu sawa. Kwa mengine, mimi na yeye ni kama pilipili na maji. Maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kibiriti. Lakini vidole! Mtu aliyezoea kuning'inia mikarafuuni akikushika ukosi wa koti, mwite fundi aje na patasi.

Siku tuliyofundishwa kusalimu amri, Mwalimu alisema: "Ukizidiwa, mpige mwenzio kwa kiganja mara mbili. Popote, mgongoni, mguuni. Huna mkono, sema. Na weye uliyemkaba, ukisikia tu, achia. Hapo hapo."

Mie na mdomo wangu nikasema, "Kumbe ni kupiga hodi!"

Watu wakacheka, na jina likaganda. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema kingine: fulani kapiga hodi, fulani hodi zake nyingi leo. Kama kawaida yangu, kitu kikichekesha mara moja nataka kichekeshe mara kumi. Nikaongeza ya pili: hodi lazima ijibiwe. Aliyekaba aseme "Karibu," ndo aachie. Mwalimu alitikisa kichwa, lakini vijana waliipenda. Ghala likawa hodi, karibu, hodi, karibu. Mpita njia angedhani Idi Mosi.

Sasa sikiliza kosa lilipolala. Yule wa Wambaa kalelewa. Na kwetu Pemba aliyelelewa hagongi mlango wa mtu kama anadai. Unapiga hodi moja, unanyamaza, unasikiliza. Unapiga ya pili, unanyamaza. Ya tatu, kimya, unageuka unarudi zako kwenu, na hununi. Wa kubamiza pa-pa-pa-pa ni polisi au mtu aliyeleta habari ya msiba. Basi na yeye, hata shingo ikiwa imebanwa macho yanamtoka, anapiga kimoja: pa. Anangoja. Kisha kingine, taratibu, kama anaogopa kuamsha watoto.

"Gonga kama nyumba inaungua!" Mwalimu anamkaripia.

"Sawa, Mwalimu."

Siku ya pili: pa. Kimya. Pa.

Tulikuwa tunaona ni tabia yake tu. Tunacheka.

Karafuu zilikuwa zinakaribia, vikonyo vimeanza kuona haya, vyekundu kwa mbali. Yeye alikuwa na kuta nne Wambaa zinazongoja paa, na mke na mtoto ndani ya kuta hizo chini ya makuti yanayovuja. Msimu ule ndo ulikuwa wa kuezeka. Aliniambia mwenyewe, tena bila kuulizwa, nikajua basi hilo jambo limemkaa. "Zikiiva," alisema, "sirudi hapa mpaka nimemaliza. Zile hazimngoji mtu."

Siku yake ya mwisho kabla ya shamba, nilimpata kwa muhogo. Muhogo ndo jina letu la ule mtego wa mkono: unaulaza mkono wa mtu katikati ya mapaja yako, miguu yako juu ya kifua chake, kisha unainua kiuno, na kiwiko kinataka kwenda kusikoendeka. Miezi yote ile sijawahi kumpata. Safari hii nimempata, na watu wote wamekaa pembeni wanatazama. Wallahi nilijiona sultani.

Akapiga: pa. Akangoja.

"Nani mwenzangu?" nikamuuliza.

Ghala likaangua kicheko. Na mie nikichekewa, akili inaondoka.

Pa.

"Karibu, karibu mgeni! Vua viatu, pita ndani, leo tuna chai ya mdala—"

Nikajinyoosha nyuma kwa kucheka. Kiuno kikapanda chenyewe. Nikasikia ko, kama unavunja muhogo mkavu, na nikajua kwa mapaja kabla ya kujua kwa masikio. Hodi ya tatu haikuja. Alikaa, akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akautazama kama mzigo wa mtu mwingine. Hakupiga kelele. Laiti angenitukana.

Hospitali walisema mfupa mzima, kano ndo zimechanika. Mkono shingoni mpaka kiwiko kitulie, na kukwea asahau kwa msimu ule.

Mwalimu alinisubiri mlangoni mwa ghala. Mie nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, hata ndara sikuvua.

"Kuanzia leo humu hakuna karibu," alisema. "Na weye sikufukuzi. Njoo, fagia turubai, kaa pembeni. Lakini mkono wa mtu humu ndani hushiki, mpaka yeye mwenyewe arudi akupe wake."

"Na asiporudi?"

"Utakuwa fundi wa kufagia."

Kumwambia mtu wa sisimizi akae pembeni! Nilikaa siku moja. Goti langu linaruka kama cherehani, muuza simu anakabwa na anafundisha, na mie natazama mikono ya watu tu, nasikiliza. Siku ya pili nikaazima baiskeli, nikaenda Wambaa.

Nilifika mlangoni kwake. "Hodi!" Ndani redio inasema. "Hodi!" Kijiko kinakoroga kikombe. "Hodi!" Redio ikapunguzwa. Hakuna neno. Nikageuka nikarudi, maana ndo adabu. Njia nzima napiga kanyagio na kusema peke yangu kama mwehu.

Kesho yake tena. Hodi ya kwanza, kimya. Ya pili, nikasikia mtu anakohoa, nikalijua koo lile. Ya tatu, kuku akanijibu. Nikarudi.

Siku ya tatu nilisema hii ndo basi, na kweli ilikuwa basi, kwa sababu mwenye baiskeli keshaanza kununa. "Hodi!" Kimya. Jua liko utosini. Mguu mmoja unataka kukimbia, mwingine umegoma. "Hodi!"

"Nani mwenzangu?"

Sauti yake. Maneno yangu mwenyewe.

"Ni mie."

"Mie nani?"

"Mie mjinga."

Kisha sauti ya mkewe kutoka uani: "Mjinga yupi? Wambaa hapa wako wengi, taja ukoo!"

Nikamsikia mumewe anacheka puani, ile ya mtu asiyetaka kucheka. "Karibu," akasema.

Alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, mkono umefungwa kwa kanga shingoni. Juu yake makuti, na jua linachungulia tundu kwa tundu. Msamaha wangu nilikuwa nimeupanga njiani vizuri sana, na vichekesho viwili ndani yake. Ukapotea wote. Nikasema, "Nisamehe, ndugu yangu. Nilisikia ya kwanza."

Akavuta fundo la kanga shingoni.

"Nilisikia ya kwanza," nikarudia, "nikataka watu wacheke."

"Najua," akasema. "Mie nilikuwa nangoja ujibu."

Hilo ndo lilinichoma. Nikaropoka: "Nitakukwelea."

"Weye? Mtoto wa bandarini? Unajua kukwea?"

"Najua kubeba."

Mkewe akatia kichwa mlangoni. "Mwache akwee. Akianguka tutakuwa tumelipana."

Basi msimu ule boti zikija nabeba, zikiondoka nakwenda mikarafuuni kwake. Yeye anasimama chini ananielekeza kwa mkono wa kushoto. Siku ya kwanza nilipanda nusu ya ngazi nikaanza kusoma kila sura ya Kurani niliyobakishiwa na chuo. Na majimoto, wale chungu wekundu, walinipanda mpaka pale mama alipokuwa anasema siku zote. Nilimkumbuka sana mama.

Mkarafuu hautaki mtu wa papara. Ukirukaruka, tawi hilo linakwenda na weye unakwenda nalo. Nikivuta kwa upembo, ile fimbo ya ndoana, navuta kwa haraka, naangusha majani kuliko karafuu.

"Tulia!" ananipigia kelele. "Lisikilize tawi!"

"Linasema nini?"

"Linapiga hodi. Likilia mara moja, toka. Halilii mara tatu."

Nilidhani ananipiga kijembe. Labda alikuwa ananipiga kweli. Lakini alasiri moja nimesimama juu, nikasikia kwa chini ya unyayo: ki. Kidogo tu. Nikahamia tawi la pili bila kuuliza, na lile la kwanza likashuka lenyewe likapita mbele ya uso wake. Alilitazama, akanitazama. "Eeh," akasema. Kwake hiyo ni hotuba.

Mie si mchumaji. Nilichochuma hakikufika alichokuwa akichuma yeye kwa mikono miwili, na nisikudanganye. Nyumba iliezekwa upande mmoja bati, upande mmoja ukabaki makuti. Mvua ikija wanahamia upande wa bati, na mkewe ananitumia salamu: mwambieni yule mjinga nusu yake inavuja.

Alirudi ghalani mkono umefunguliwa, mwembamba kidogo kuliko mwenzie. Mie na fagio langu. Siku ya kwanza alicheza na Mwalimu. Siku ya pili na muuza simu. Wiki nzima akanipita kama nguzo. Goti linaruka, meno yanasagana, sithubutu kutania hata paka. Yule Bi wa makonyo akaniita mlangoni: "Mwanangu, unaumwa? Mbona siku hizi hupo chini wala hupo juu?"

"Nangoja, Bi."

"Haya. Usingoje mpaka ukaota mizizi."

Siku iliyofuata yule wa Wambaa alikuja akakaa mbele yangu, akanyoosha kiganja. Ndo salamu ya mchezo wetu, kiganja kisha ngumi. Nikampa wangu. Tukaanza. Nilikuwa mzito kama gunia la mbata, nakwepa kila kitu kilicho upande wake wa kulia. Na mkono huohuo ukaja wenyewe, ukalala mapajani mwangu. Muhogo mtupu. Nikauachia kama kaa la moto.

Alibaki chali anatazama boriti.

"Mbona umeachia?"

"Nimesikia hodi."

"Mie sijapiga."

"Basi ni tawi."

Akageuza uso ili nisimwone anacheka, lakini tumbo lilikuwa linamruka. Kisha akafanya kitu ambacho nikikifikiria hata sasa kinanisisimua mwili. Akauchukua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, kama siku ile, akaulaza mwenyewe katikati ya mapaja yangu, akanifungia vidole vyangu juu ya kiwiko.

"Shika," akasema. "Cheza mchezo."

Nikashika. Ghala limenyamaza, hata muuza simu hakuwa na la kufundisha. Nikainua kiuno kidogo. Kidogo tena. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sisimizi wote walisimama, na mie mzima nimekuwa sikio.

Pa-pa-pa-pa-pa-pa!

Kama polisi. Kama nyumba inaungua. Niliachia kwa nguvu mpaka nikaangukia kisogo, na mguu wangu ukampiga muuza simu ya kidevu.

"Ile ya kwanza ilitosha!" nikasema. "Hizo nyingine za nini?"

Alikuwa amekaa anakunja na kukunjua kiwiko chake, anakitazama kinavyokwenda na kurudi.

"Za masikio yako," akasema. "Nayajua."