Shangazi na Kanuni Inayorudisha Sifuri

Shangazi hakuolewa, na ukimuuliza kwa nini, anakuuliza kumi na saba mara kumi na tatu ni ngapi. Amefundisha hisabati hadi chaki ikamkausha vidole. Anachopenda kuliko vyote ni milinganyo ambayo unachotafuta humo si namba bali kanuni nzima, ile f inayopokea namba na kurudisha nyingine. Mimi namwelewa nusu, sawasawa na diploma yangu niliyoiachia katikati.

Mwaka huu alipatwa na kiharusi. Alipopona, watu wakanong'ona kwamba akili imebaki hospitali. Mkuu wa shule akaamua kuketi nyuma ya darasa kipindi kimoja, ndipo aseme kama Shangazi aendelee kufundisha. Nilimsindikiza Shangazi, nikakaa kando ya mkuu.

Shangazi akaandika ubaoni: f(x + y) = f(x) · f(y).

"Haya, wanangu. Tunaanzaje?"

"Tunaweka sifuri, Mwalimu!"

Akaweka sifuri mahali pa y, akapata f(x) = f(x) · f(0). Kisha akagawanya pande zote kwa f(x), akaandika: f(0) = 1.

Darasa likanyamaza. Hata mimi nililiona kosa. Hugawanyi kwa kitu kabla ya kuhakikisha si sifuri. Kanuni inayorudisha sifuri kwa kila namba nayo ni jibu halali, na yeye alikuwa ameitupa nje. Kosa hilohilo aliwakatia watu alama maisha yake yote. Mimi nilipolifanya darasani kwake, aliniambia, "Umemzika mtu bila kumpima mapigo, we kichwa maji!"

Mkuu, mtu wa jiografia, alikuwa akiitikia kwa kichwa, ameridhika. Wanafunzi wakainamia madawati. Shangazi akamaliza, akarudi nyuma, akausoma ubao. Akausoma tena.

"Mmeliona?"

Kimya.

"Nauliza, mmeliona?"

Msichana wa mbele akajibu kwa sauti ndogo, "Ndiyo, Mwalimu. Tulidhani umechoka."

"Zamani mngenirukia kama nyuki. Leo mnanionea huruma."

Akalirekebisha taratibu, hali zote mbili, ya sifuri na isiyo ya sifuri, hadi mwisho. Kisha akamwambia mkuu, "Watafutie mwalimu mwingine, mwanangu. Wana mtihani hawa."

"Lakini Mama, kosa moja tu!"

"Kosa nalimudu. Kimya chao sikimudu."

Nje nikajaribu mzaha. "Shangazi, ukikosa wa kumkaripia, mimi nipo."

Hakucheka. Alijifuta chaki kwenye gauni, akaniomba tukae kidogo pale kwenye ngazi.