Bareti Mbili za Mashine ya Mwalimu

Siku yangu ya kwanza kazini, Shefu hakunipa bisibisi. Alinionyesha bomba la maji lililopita ukutani, pale karakana yetu ya mtaa wa Bwiza, mjini Buja, akasema, "Zaina, shika kwanza chuma iyi. Kisha ndiyo ushike mashine." Nilidhani ananitania, maana wanaume wa pale walikuwa wakinisubiri kwa hamu, wamwone huyo fundi msichana. Kumbe mwili wa mtu hubeba umeme kidogo, hasa wakati wa kiangazi, na umeme huo usiousikia unaweza kuua kipande cha kompyuta kimyakimya. Nikashika bomba. Mpaka leo wanangu wananicheka kwa kupapasa vyuma hata jikoni.

Shefu, mkuu wa karakana, alikuwa Mwislamu mzaliwa wa Bwiza, aliyejifunzia ufundi kwenye mashine za kuandika. Mdomo wake ulikuwa mkali na moyo wake laini. Kwake nilijifunza kazi iliyotulisha miaka ile ya vita: kuongeza mémoire, yaani kumbukumbu ya kompyuta. Vikwazo vilikuwa vimefunga mipaka, mashine mpya haziingii, basi kila ofisi ilitaka kikongwe chake kitembee. Mémoire ilikaa kwenye vibao vyembamba tulivyoviita bareti. Unafungua boksi, unapuliza vumbi, unalaza bareti kwenye nafasi yake, kisha unaisimamisha mpaka isikike ta! huku na huku. Kwenye mashine zile zilikwenda mbili mbili, zinazofanana. Ukiweka moja peke yake, mashine inalia tu na kioo kinabaki cheusi.

Siku moja akaja Mama Séraphine, mjane wa mwalimu mmoja wa Kinanira. Kompyuta ilikuwa ndani ya teksi, imefunikwa kitenge. Mumewe alikuwa ameuawa barabarani, vita ilipopamba moto. Jumamosi ile wakwe walikuwa wanaleta mahari ya binti yake, na ndani ya mashine mlikuwa na maneno ya kuwakaribisha. Mwalimu aliyaandika mwenyewe zamani, binti akiwa bado shuleni, nyumba nzima ikimcheka kwa haraka yake. Mama alitaka shemeji yake ayasome siku hiyo. Lakini mpwa wake alikuwa amepakia programu mpya, nzito, na sasa mashine ilikuwa inaganda kabla ya kufungua lolote.

"Mémoire ni kidogo," nikamwambia. "Tutatoa izi, tuweke kubwa."

Akaikumbatia mashine. "Apana! Mukitoa mémoire, si munamutoa na mzee?"

Wenzangu wakacheka. Mimi nilikasirika, tena si naye. Neno hilo tuliliokota sisi mafundi, tukawapa watu bila kuwaeleza. Nikamvutia kiti.

"Mama, bareti aimujui mzee. Iko kama meza. Ukifanya kazi unatandika makaratasi juu yake, umeme ukikatika yote inapotea. Mzee iko mu disiki, apa chini. Disiki atuiguse."

"Umeme ukikatika inasahau?"

"Yote."

"Basi apa Buja iko na kazi ya kusahau!" Umeme wa mji wetu ulikuwa ukikatika kila siku. Akacheka mwenyewe, akaiachia mashine.

Tatizo likawa letu. Nilipekua makopo yote ya vipuri, sikupata bareti mbili kubwa zinazofanana. Nilikuwa karibu kumwambia Mama arudi nyumbani. Shefu akamtazama, kisha akafungua kompyuta ya mezani kwake mwenyewe.

"Chukua izi. Mi nitaandika na kalamu."

Nilitamani kumbusu kipaji cha uso. Yeye, kwa siku nyingi baadaye, alimlalamikia kila aliyepita kwamba Zaina amemfilisi.

Nikashika bomba, nikaweka bareti, nikawasha. Namba zikaanza kupanda kwenye kioo, mashine inahesabu mémoire yake, zikafika pale zilipozoea kukoma, zikapita. Mama alikuwa anasali chini chini. Karatasi ikafunguka, imeandikwa Kirundi safi. Akasoma, akilia na kucheka pamoja. "Ni ye. Ni mudomo yake kabisa."

Kisha akasogea karibu na kioo. Katikati, mahali pa jina la bwana harusi, mwalimu alikuwa ameacha mstari wa nukta. Alipoandika alikuwa hamjui bado.

Nilijitolea kuliandika mimi. Akakataa. Akavuta kiti, akanyoosha kidole kimoja.

Nimestaafu sasa, macho yamegoma. Wajukuu wananionyesha kompyuta ambazo mémoire yake imegandishwa humo humo kiwandani, huwezi kuiongeza hata ukibembeleza. Sizichukii. Ila wakiniuliza ni kazi gani niliyoipenda, siwatajii wizara nilikopelekwa baadaye, ambako mkurugenzi aliniita Madame na kunipa ofisi yenye feni. Nawaambia habari ya alasiri ile, Mama Séraphine akitafuta herufi moja moja, na sisi wote karakana nzima tumesimama nyuma yake. Nilimpenda mwanamke yule kama dada yangu.

Alipomaliza alilitazama jina, kisha akageuka.

"Sasa iyi jina iko wapi?"

"Bado iko mu bareti, Mama."

Akainua macho kwenye taa ya darini, akanishika mkono.

"Ipeleke upesi kule mzee iko."

Nikahifadhi. Disiki ikakwaruza kidogo, ikatulia.