Bahasha Dirishani

Kila asubuhi, kabla hajamwita mgonjwa wa kwanza, daktari wa zahanati ile alikifikicha kiganjani kichwa cha kipimo chake cha moyo mpaka kipate joto. Alisema hapendi mtu ashtuke kabla hata hajaambiwa anaumwa nini.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti ya chini. Miaka kumi na tisa alikaa katika chumba hicho kimoja chenye meza, kitanda kilichochanika upande wa miguuni, na dirisha kubwa lililoingiza jua tangu saa mbili. Wagonjwa walimpenda. Ila jina la utani alilokuwa nalo hakupewa na waliompenda.

Alipewa na Profesa. Profesa alitoka hospitali kuu, akawakusanya madaktari wa zahanati sita awafundishe utafiti wa dawa mpya ya presha. Somo lilikuwa la nusu saa, na dakika ishirini zilikwenda kwenye hadithi za safari zake. Mwishoni akamnyooshea kidole daktari wetu, akamuuliza kwa nini wagonjwa wagawanywe kwa kura na si kwa kuchaguliwa. Akafikiri, akajibu kwamba labda ni ili watu wasinung'unike.

Profesa alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama, wewe endelea na vikohozi vyako. Utafiti tuachie wenyewe."

Ukumbi ukaangua kicheko. Tangu siku ile akawa Daktari Kikohozi, hata kwa madaktari waliosoma naye darasa moja. Jibu lenyewe hakuna aliyemwambia. Alirudi zahanati na boksi la bahasha themanini na lile neno limemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mgonjwa akikubali kuingia, unafungua bahasha inayofuata kwa namba. Ndani mna karatasi imeandikwa "mpya" au "zamani", na hiyo ndiyo dawa atakayopewa. Basi. Bahasha zilikuwa nyeupe, za bei rahisi, nyembamba kama ngozi ya kitunguu.

Wiki ya kwanza aliingia fundi viatu wa njia panda, presha imepanda mpaka anaongea huku kashika ukuta. Dawa ya zamani alishaimeza miaka mitatu bila nafuu. Daktari akainua bahasha, akaielekeza dirishani. Zamani. Akairudisha, akamwambia fundi apumzike kidogo kwenye benchi, akamwita kwanza muuza mboga ambaye presha yake ilikuwa imepanda kidogo tu. Bahasha ile ikawa ya muuza mboga. Iliyofuata ilikuwa "mpya", akapewa fundi.

Nesi aliyekuwa akifanya naye kazi aliona. "Daktari, unachungulia?"

"Namtafuta mwenye shida zaidi."

"Hapo sawa," nesi akasema, akaendelea kukunja bandeji.

Na kweli, wote wawili hawakuona kosa. Daktari gani ana dawa mpya kwenye droo, ampe anayeweza kusubiri, amnyime anayeshika ukuta? Miezi mitano ikaenda hivyo, waliozidiwa huku, wenye nafuu kule.

Jumapili moja shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwalimu wa hesabu, alikuja kula chakula cha mchana. Daktari akamsimulia habari za bahasha, kidogo kwa kujisifu. Shemeji akaweka kijiko chini.

"Shemeji, umeua."

"Nimemuua nani?"

"Utafiti wa watu." Akaanza kucheka, na kwa kuwa ni shemeji alikuwa na haki ya kucheka. "Sikiliza. Nikigawa wanafunzi timu mbili kwa kura, timu zinakaribiana nguvu. Wewe umechungulia kura, wanaochechemea wote umewaweka upande mmoja. Wakifungwa, utasema jezi ndiyo mbaya?"

Hakucheka naye. Kumbe jibu lenyewe ndilo hilo, dogo hivyo, mtu analielewa kabla wali haujapoa. Na yule mtu mzima mwenye miwani aliona heri kumvua nguo mbele ya watu kuliko kumwambia.

Hata hivyo kesho yake alifunga safari hadi hospitali kuu akaungame. Alikaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi hadi saa saba. Mlango ukifunguka anasikia Profesa akipiga soga, ukifungwa anasikia kicheko. Mwishowe akatoka karani, akasema kwa aibu kidogo kwamba Profesa anamwomba Daktari Kikohozi aache fomu mezani, yuko na watu wa utafiti.

Fomu akaziacha. Maneno aliyokuja nayo akarudi nayo.

Zilikuwa zimebaki bahasha thelathini na nne. Aliziinua dirishani moja moja, na safari hii alinunua daftari. Aliandika namba ya bahasha, tarehe, aliyestahili kuifungua, na aliyepewa. Mkono ulikuwa ule ule na jua lile lile, moyo tu ndio uliokuwa mwingine. Alipeleka fomu zake mapema kuliko zahanati zote. Profesa akamtumia ujumbe wa kumsifu. Alipousoma alihisi utamu mdomoni, kama mtu anayenyonya mfupa.

Ikafika siku ya kutangaza matokeo. Ukumbi ulijaa, wakubwa wa wizara mstari wa mbele. Profesa alisimama na suti ya rangi ya majivu, akaeleza kwamba dawa mpya imeshindwa. Waliopewa walibaki na presha juu kuliko wenzao, na yeye anapendekeza isitumike tena. Makofi. Akauliza kama kuna swali.

Daktari Kikohozi akasimama na daftari.

"Sina swali, Profesa. Nina habari. Kati ya wagonjwa wako mia na sitini, themanini ni wangu. Bahasha zao nilikuwa nachungulia dirishani. Waliozidiwa wote niliwapa mpya. Haya hapa, kwa tarehe."

Rangi ya uso wa Profesa ikawa ya suti yake. "Lakini mlifundishwa."

"Uliniuliza sababu ya kura, nikakosea, ukacheka. Kufundisha ulisahau."

Mmoja wa wizara akaomba daftari. Likapita mkono kwa mkono. Profesa akauliza alijua lini kwamba ni kosa.

"Mwezi wa tano. Nilikuja kukwambia. Ulikuwa na watu wa utafiti."

Hakuna aliyecheka. Daktari alimtazama Profesa akikusanya karatasi zake zikimponyoka, na akaona kwamba hicho ndicho alichokitaka, kizima, hakikupungua hata kidogo.

Ndipo nesi, aliyekaa kiti cha pembeni yake, akamvuta mkono taratibu.

"Mama yangu mdogo alifungua bahasha ya sabini na moja. Nilimleta mwenyewe, hata kusimama hawezi. Ukampa mpya. Nikakushukuru."

"Nakumbuka."

"Ulimpa kwa kumwonea huruma, au kwa kumkomoa huyu?"

Angeweza kudanganya. Dawa ni ile ile, na fundi viatu siku hizi anapanda ngazi bila kushika kitu.

"Kumkomoa," akasema.

Nesi akaachia mkono wake, akasogeza kiti.

Mbele mkubwa wa wizara alikuwa akimwita aje aeleze zaidi, na aje na cheti chake cha udaktari. Alichukua mkoba wake. Akapita katikati ya viti, watu wakikunja magoti kumpisha, akasukuma mlango wa kioo, akashuka ngazi za mbele. Mlinzi akamwambia kitambulisho cha wageni kinarudishwa getini. Akakivua shingoni, akamwekea kwenye meza, akavuka barabara.

Jumatatu wagonjwa kumi na wanane walimsubiri kwenye benchi mpaka saa sita, asitokee.