Siku Niliyowanyeshea Wageni wa Posa

Haya ninayowaambia nimekuwa nikiyaficha tangu mwaka jana, na ningeendelea kuyaficha kama si kwamba nusu ya mtaa wanayajua tayari na wanayasimulia vibaya, wengine wanasema dari lilianguka, na dari halikuanguka, lilivuja tu (sawa, lilivuja sana). Basi afadhali myasikie kwangu mimi niliyeyatenda, mcheke mara moja tumalize.

Mnajua kwamba mimi ni Mtaita, karani katika ghala moja kule Shimanzi, na nimepanga chumba na bafu ghorofani kwa Bi Mwanaisha, Mji wa Kale. Yeye na binti yake Rukia wanakaa chini. Nyumba yenyewe ni ya zamani, ya mawe na boriti, na sakafu ya chumba changu ndiyo dari la sebule yao.

Mfereji wa bafuni kwangu ukawa unadondoka. Bi Mwanaisha alimwita fundi, fundi akaahidi Jumatatu, Jumatatu ikapita na nyengine ikapita. Siku moja nikalalamika kazini, dereva mmoja akaniambia hiyo ni kazi ya kubadilisha washa tu, kile kipete cha mpira kilicho ndani ya mfereji, hata mtu hahitaji fundi. Nikatazama video kwenye simu, bwana mmoja anafungua mfereji, anatoa washa mbovu, anatia mpya, anafunga, na muda wote anatabasamu. Nikasema kumbe ni hivi tu. Nikanunua washa, nikaazima spana kwa makanika wa ghalani, kisha nikafanya kosa la kutangaza, kazini nikatangaza na nyumbani nikatangaza, kwamba Jumamosi naurekebisha mfereji wangu mwenyewe kwa mikono yangu.

Sasa Jumamosi hiyo hiyo ndipo watu wa posa ya Rukia walipokuja. Mjue kwamba hiyo ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza wazee walikwaruzana kwa maneno, kila mmoja akarudi kwake, na Rukia, msichana mcheshi asiyeishiwa na hadithi, alikaa miezi haongei na mtu. Kijana aliyemposa hakukata tamaa, akawabembeleza watu wake mpaka wakakubali kurudi, wakiongozwa na ami yake, mzee mmoja mrefu mkavu ambaye sifa yake ni kuona kasoro kila mahali. Kwa hivyo Bi Mwanaisha wiki nzima halali. Na kwa kuwa maji ya mtaa yalikuwa yamekatika, alilijazisha tangi la juu ya paa mpaka pomoni, ili wageni wasikose kitu.

Mimi aliniomba jambo moja tu, nitulie huko juu. Nikatulia. Alasiri wageni wakaingia, nikasikia salamu ndefu, habari za wazima na wagonjwa, kisha sauti ya ami ikaanza, nzito, haina haraka. Mimi nimejifunga leso moja kuukuu, nafumua misuko yangu, upande mmoja tayari umesimama na upande mwengine bado. Na kila nikifumua msuko mmoja, bafuni tone linaanguka. Tone, msuko, tone, msuko. Nikainuka nikachukua spana.

Yule bwana wa kwenye video alianza kwa kufunga vali ya maji. Vali yetu mimi siijui iko wapi. Ningeweza kushuka jikoni nikauliza, lakini nikaona haya, mtu niliyejitangaza vile nikaulize maji yanafungwa wapi? Nikajiambia mfereji wenyewe unatoa tone moja moja, nikifanya haraka kitamwagika kikombe kimoja tu. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Mfereji ulikuwa umeshika kutu. Nikaukazia spana, nikaegemea kwa uzito wangu wote (na mnaniona nilivyo), ukasikika mlio kama wa mfupa, na mfereji wote ukang'oka pamoja na kipande cha paipu. Maji ya tangi zima yakanipiga kifuani, yakavuka mlango wa bafu yakaingia chumbani. Nikatia kidole gumba, yakatoka pembeni yakinichapa usoni. Nikatia viganja vyote viwili, nikaegemea na paji la uso. Hapo angalau yakapungua, ila sikuweza kusogea hatua moja.

Kisha nikasikia kule chini sauti ya ami imekatika. Halafu viti vikaburuzwa, na miguu ikaanza kupanda ngazi.

"Wakesho, mwanangu, wafanyani huko yuu?" Ni Bi Mwanaisha, nje ya mlango wa chumba, kwa sauti ya upole kabisa, na upole ule ndio ulionitisha.

"Nabadilisha washa, Bi."

"Nifungulia mlango."

"Siwezi. Nimeshika maji."

Akausukuma mlango. "Hebu yawate hayo maji uje ufungue."

Nikayaachia, nikakimbia, nikateleza, nikavuta komeo. Nilidhani yuko peke yake. Nyuma yake alikuwa ndugu yake aliyesimamia posa upande wetu, na nyuma ya ndugu yake ami mwenyewe, kofia imelowa na kanzu imemgandia bega moja, amekuja kutoa msaada. Na mimi hapo mlangoni, leso inachuruzika, nywele upande zimesimama, spana mkononi. Yule mzee aligeukia ukutani kwa heshima akawa anautazama ukuta kama umeandikwa kitu.

Bi Mwanaisha alipita kwenye maji na buibui lake, akaingia bafuni, akakisukuma kile kimlango cha bafu, nyuma yake pakawa na taulo langu limetundikwa. Akalitoa taulo, akanipa nilishike. Chini ya taulo pana vali. Akaizungusha mara tatu, maji yakakoma. Miaka miwili, jamani, nilikuwa naanikia taulo juu yake, nikidhani ni kitu cha kutundikia.

Nilivaa, nikajitanda vizuri, nikashuka kuomba radhi. Si maji yaliyokuwa yakinitisha sasa, ni Rukia, kwamba posa ya pili imekufa na safari hii ni kwa mkono wangu. Nikasimama kwenye mlango wa sebule, dari bado linadondoka katikati ya mkeka, nikasema samahani wazee wangu.

Ami akaniambia niketi. Kisha akamgeukia ndugu wa Bi Mwanaisha, akasema, "Nilikuwa na maneno mengi ya kusema leo, lakini naona nyumba hii haina subira. Tusomeni Fatiha mambo yaishe."

Wakasoma, posa ikapita. Baadaye Rukia ndiye aliyenieleza kwamba mzee alikuwa ameshafika kwenye kasoro ya nne, na ndugu wa Bi Mwanaisha ameshaanza kukunja uso vilevile kama mara ile, tone la kwanza lilipomwangukia ami kwenye kofia. Rukia alinikumbatia mpaka nikaona haya upya.

Harusini, wanawake wa upande wa bwana harusi walinipokea mlangoni wakauliza kama ni mimi niliyemlowesha ami yao. Nikasema ndiyo, ni mimi. Wakaniketisha mbele.

Lakini msije mkadhani najisifu. Nimeapa, na nimewaapia Bi Mwanaisha na makanika, kwamba chochote chenye maji nyuma yake sitakigusa tena. Wiki iliyopita sinki la bafuni kwangu lilianza kuvuja. Nimeweka sufuria chini, nimeshuka kumwambia mwenye nyumba, na mikono yangu nimeikalia.