Eti Yeye Ndiye Aliyenifundisha Kuimba

Jamani, leo nimempokonya mzee maiki kanisani, na sijutii.

Nimekuja nyumbani Mpanda kusalimia. Kwenye ibada hapa Nsemulwa, mwalimu wangu wa zamani wa kwaya akanishika bega, akatangaza kwa maiki:

"Huyu anayeimba kwenye maigizo ya muziki huko Dar, sauti yake nimeijenga mimi!"

Makofi!

Hasira zikanipanda. Miaka ile ya tisini, sista mmoja ndiye aliyenifundisha kupumua kwa tumbo na kusoma noti, akanitafutia nafasi ya kusomea uimbaji Dar.

Mwalimu huyu huyu akaja nyumbani kumwambia baba: "Kuimba jukwaani ni umalaya. Muozeshe."

Baba akakubali. Mama akanitorosha, akanipandisha treni. Aliporudi nyumbani alipigwa.

Basi leo nikayasema yote, kwa maiki yake.

Yeye anachekacheka: "Mwanangu, hayo si ya zamani?"

"Mama yangu alipigwa kwa maneno yako, mwalimu. Sauti hii ni ya kwake na sista. Wataje hao."

Hakuwataja. Akakaa.

Nje, mama mmoja akanivuta kando.

"Dada, binti yangu naye anataka kusomea kuimba. Mwalimu kaja kwetu mwezi uliopita na maneno hayo hayo. Mume wangu ameshaanza kutafuta mchumba."

Nyie!

Sasa hivi niko sebuleni kwao. Baba mtu amenuna, ila hajanifukuza.

Niambieni nimekosea wapi. Mimi simu naiweka chini, binti anataka kuimba.